Udhibiti Husishi wa Nondo Walao Majani Misituni na Mijini: Mfano wa Nondo Sifongo Kaskazini-Mashariki mwa Marekani

Utangulizi

Udhibiti husishi wa visumbufu ni utaratibu wa kuunganisha mbinu mbalimbali, za kibiolojia, za kimazingira, za mikono na za kikemikali, ili kushusha idadi ya wadudu waharibifu hadi chini ya kiwango kinacholeta hasara isiyovumilika. Fasili hii inakubaliwa na wataalamu wengi. Hata hivyo, katika matumizi mara nyingi hufupishwa kuwa kanuni moja: mbinu asilia ni salama, kwa hiyo zitangulie, viuatilifu vya viwandani ni hatari, kwa hiyo vije mwisho. Makala haya yanaipinga kanuni hiyo kwa kufuata historia ya mdudu mmoja. Yanadai kwamba mbinu ya udhibiti ipimwe kwa mambo mawili: viumbe wasiolengwa wanaoguswa nayo ni wangapi, na inatumika wakati gani katika maisha ya mdudu na katika kupanda na kushuka kwa idadi yake. Kujua kwamba mbinu imetoka katika maabara ya kemia, au kwamba ni kiumbe hai, hakutoshi kutuambia madhara yake.

Mdudu anayehusika ni Lymantria dispar, nondo mwenye asili ya Ulaya na Asia ambaye viwavi wake hula majani ya zaidi ya spishi 300 za miti na vichaka, na hasa mialoni. Haishi Afrika Mashariki, na Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka. Jina lake la zamani la Kiingereza liliachwa kwa sababu lilikuwa neno la kuwadharau Waroma, na mwaka 2022 Chama cha Wanaentomolojia cha Marekani kilipitisha jina jipya linalotokana na fungu la mayai yake, ambalo hufanana na kipande cha sifongo. Makala haya yanafuata mantiki hiyo na kumwita nondo sifongo. Amechaguliwa kwa sababu vita dhidi yake vilianza zaidi ya miaka 130 iliyopita, na ni vigumu kutaja mbinu ya kudhibiti wadudu wa miti ambayo haikujaribiwa kwake.

Kuingia na kuenea

Étienne Léopold Trouvelot, Mfaransa aliyekuwa mchoraji na mpenzi wa astronomia, aliishi Medford, mji ulio karibu na Boston katika jimbo la Massachusetts. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliagiza mayai ya nondo huyu kutoka Ulaya, akiwa na shauku ya wadudu watoao hariri. Baadhi ya wadudu wakamponyoka. Kwa takribani miaka ishirini hakuna aliyewajali. Mnamo 1889 viwavi walifurika mitaani Medford, wakapanda kuta za nyumba, wakaacha miti ya mji mzima bila majani. Mwaka uliofuata jimbo likaanza kampeni ya kuwatokomeza.

Inafaa kuzingatia kwamba tatizo hili lilianzia mjini, kwenye miti ya bustani na barabara, ndipo likahamia msituni. Ukweli huo hupotea katika maandishi mengi ya misitu. Jike la aina ya Ulaya lina mabawa lakini haliruki. Kiwavi mchanga husafiri kwa upepo akining'inia kwenye uzi wa hariri, na kwa kawaida hafiki mbali. Safari ndefu za mdudu huyu hufanywa na binadamu: fungu la mayai hubandikwa chini ya gari, kwenye kuni, kwenye viti vya bustani, kisha familia huhamia jimbo jingine. Kwa sababu hiyo sheria za karantini za Marekani zinamtaka mtu anayehama kutoka eneo lililovamiwa akague vyombo vyake vilivyokaa nje. Hiyo ni mbinu ya udhibiti kamili, isiyo na gharama kubwa, na isiyomdhuru kiumbe mwingine yeyote.

Maisha ya mdudu na namna mti unavyokufa

Nondo sifongo ana kizazi kimoja kwa mwaka. Mayai hutagwa katikati ya kiangazi, mamia katika fungu moja, na hukaa hivyo majira yote ya baridi. Huanguliwa wakati mialoni inapochipua. Kiwavi dume hupitia hatua tano za ukuaji na jike sita, na sehemu kubwa ya majani huliwa katika hatua mbili za mwisho. Mwezi Juni na Julai huwa pupa kwa takribani wiki mbili, kisha nondo hutoka, hupandana, hutaga na kufa bila kula chochote.

Tabia moja ina uzito mkubwa kwa mpangaji. Idadi ikiwa ndogo, viwavi wakubwa hula usiku, na alfajiri hushuka kujificha kwenye nyufa za gome au kwenye majani makavu ardhini. Huko hukutana na maadui wao, hasa panya wa porini mwenye miguu myeupe (Peromyscus leucopus), ambaye hula pupa kwa wingi. Idadi ikiwa kubwa, viwavi hubaki juu wakila usiku na mchana. Panya hawezi tena kuwamaliza, na mtego wowote uliotegemea kushuka kwao hupoteza nguvu. Mdudu ni yuleyule, lakini kwa mtu anayemdhibiti ni kama wadudu wawili tofauti.

Mwaloni wenye afya ukinyang'anywa majani yote mara moja, kwa kawaida hauchukui muda kuchipua tena, ukitumia wanga uliohifadhi kwenye mizizi. Ukinyang'anywa miaka miwili au mitatu mfululizo, na hasa ukame ukiongezeka, akiba hiyo huisha. Ndipo wanaingia wale wanaoua hasa: kuvu wa mizizi wa jenasi Armillaria, na mbawakavu Agrilus bilineatus anayetoboa chini ya gome. Cheti cha kifo cha mti, kama kingekuwapo, kisingemtaja nondo. Miti ya koni haina akiba ya namna hiyo. Mti wa Tsuga canadensis unaweza kufa baada ya kuliwa majani yote mara moja tu. Kwa hiyo kiwango cha kuchukua hatua hakiwezi kuwa kimoja kwa miti yote.

Kiwango hicho hutafutwa majira ya baridi kwa kuhesabu mafungu ya mayai. Miongozo ya Marekani hutaja takribani mafungu 250 kwa ekari katika maeneo ya makazi, na kati ya 500 na 1,000 msituni. Tofauti hiyo haitokani na biolojia ya mti. Inatokana na binadamu: kinyesi cha viwavi kinachonyesha juu ya meza ya bustani, nywele zinazowasha ngozi za watoto, na kivuli kinachopotea mwezi Juni. Msitu huvumilia idadi ambayo mtaa hauivumilii. Mkaguzi mzoefu hutazama pia ukubwa wa fungu. Mafungu makubwa, ya urefu wa sentimita tatu au nne, yanaonyesha kuwa idadi inapanda. Mafungu madogo yanaonyesha kuwa maradhi au njaa imeanza kuwamaliza wadudu wenyewe, na kunyunyiza dawa mwaka huo huenda kukawa ni kupoteza fedha.

Sumu za awali

Kampeni ya Massachusetts ya miaka ya 1890 ilitumia mikono kuliko dawa. Wafanyakazi walikwangua mayai au kuyapaka kreosoti, wakafunga magunia kwenye mashina, wakachoma vichaka. Pale sumu iliyokuwapo ilipoonekana kuunguza majani bila kuua viwavi wa kutosha, ilitengenezwa risasi aseneti, ambayo baadaye ilitumika kwenye mashamba ya matunda duniani kote na kuacha risasi na aseniki ardhini hadi leo. Mnamo 1900, idadi ya wadudu iliposhuka, jimbo lilisitisha fedha. Katika miaka michache mdudu alirudi akiwa ameenea zaidi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja DDT. Mwaka 1957 serikali ilinyunyiza kwa ndege takribani ekari milioni tatu katika majimbo kadhaa, ikiwemo Long Island, New York, juu ya mashamba, mabwawa na makazi ya watu. Wakazi wakiongozwa na mtaalamu wa ndege Robert Cushman Murphy walikwenda mahakamani. Walishindwa, na mwaka 1960 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa yao, lakini kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma Rachel Carson kuandika kitabu chake cha mwaka 1962, ambamo nondo huyu ana nafasi ya wazi. Hapa kanuni iliyotajwa katika utangulizi inaonekana kushinda: kemikali ilileta madhara. Hata hivyo, ukiichunguza DDT kwa vigezo vya makala haya, kosa lake liko bayana zaidi. Iliua wadudu wa kila aina, ilidumu kwa miaka, na ilimwagwa bila kuhesabu mayai eneo kwa eneo.

Nzi na kuvu

Kuanzia 1905 wataalamu wa serikali walianza kuleta maadui asilia kutoka Ulaya na Japani. Baadhi yao walizoea makazi mapya, kama mbawakavu wa kijani Calosoma sycophanta, anayepanda miti na kula viwavi na pupa. Mwingine alikuwa nzi kidusia Compsilura concinnata, aliyeachiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Jike la nzi huyu hutoboa kiwavi na kumwekea buu ndani yake.

Compsilura huzaa vizazi vitatu au vinne kwa mwaka, na nondo sifongo ana kizazi kimoja. Hesabu hiyo ndogo ndiyo kiini cha tatizo. Kuanzia katikati ya kiangazi nzi hana kiwavi wa nondo sifongo wa kumtegemea, kwa hiyo hutafuta wengine, na orodha ya spishi anazozivamia inazidi 150. Mwaka 2000 Boettner na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao huko Massachusetts. Waliwaweka msituni viwavi 500 wa Hyalophora cecropia, nondo mkubwa wa asili wa Amerika Kaskazini, na hakuna aliyeishi kupita hatua ya tano. Katika hatua tatu za mwanzo, nzi huyu ndiye aliyesababisha asilimia 81 ya vifo. Nondo wakubwa wa hariri wa eneo hilo walikuwa wamepungua kwa miongo mingi, na lawama ilikuwa imeelekezwa kwa taa za mijini na kwa DDT. Kumbe sehemu ya jibu ilikuwa kiumbe hai kilichotolewa kwa nia njema na kilichoendelea kuachiliwa katika majimbo mbalimbali hadi 1986. DDT iliweza kupigwa marufuku, na ikapigwa marufuku mwaka 1972. Nzi hapigwi marufuku.

Haki inadai yasemwe na mazuri yake. Watafiti haohao wa Massachusetts wametoa ushahidi kwamba Compsilura ndiye aliyemrudisha nyuma nondo mwingine mgeni, Euproctis chrysorrhoea, ambaye nywele za viwavi wake huwasha vibaya na ambaye kwa muda mrefu alibaki tu kwenye vipande vya pwani ya Maine na Cape Cod. Anayepima faida na hasara za nzi huyu atakuta kwamba mzani hautulii upande mmoja. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba kigezo cha umahususi, yaani ufinyu wa orodha ya viumbe wanaoshambuliwa, kingetumika mwaka 1906, nzi huyu asingeruhusiwa kupita bandarini.

Kuvu Entomophaga maimaiga ana historia tofauti kabisa. Sehemu ya pili ya jina lake ni jina la Kijapani la nondo mwenyewe. Alitolewa karibu na Boston mwaka 1910 na 1911, akaonekana kutofanikiwa, akasahaulika. Mwaka 1989 viwavi walikutwa wamekufa kwa wingi katika majimbo ya New England, na aliyewaua alikuwa kuvu huyu. Namna alivyofika bado inajadiliwa. Tangu hapo amekuwa muuaji mkuu wa nondo sifongo mashariki mwa Marekani, na majaribio ya msituni yanaonyesha kuwa mara chache sana huvamia spishi nyingine. Mbegu zake hukaa ardhini kwa miaka mingi zikisubiri.

Zinachosubiri ni mvua. Mwezi Mei na Juni ukiwa mkavu, kuvu halipuki. Hivyo ndivyo ilivyotokea kusini mwa New England mwaka 2015 na 2016, na mlipuko wa viwavi ukafika kilele 2017. Mwaka huo mvua zilinyesha na kuvu akaua viwavi wengi mno, lakini wengi wao walikuwa wameshafika hatua za mwisho na majani yalikuwa yameshaliwa. Mialoni iliendelea kufa katika miaka iliyofuata. Adui asilia mwenye umahususi wa hali ya juu anaweza basi kuchelewa, na mpango unaomtegemea peke yake hauna budi kuwa na la kufanya katika mwaka wa ukame.

Katika ukaguzi wa shambani kuvu hutofautishwa na kirusi kwa namna mzoga unavyokaa. Kiwavi aliyeuawa na kuvu huning'inia wima, kichwa chini, akiwa amekauka. Aliyeuawa na kirusi hukunjika katikati kama herufi V iliyopinduliwa, na mwili wake ni laini na huvuja. Kirusi hicho ni cha kundi la bakulovirusi na humpata nondo sifongo peke yake. Kiliandikishwa Marekani kama kiuatilifu mwaka 1978 kwa jina la Gypchek. Wasomaji wa Tanzania wanalifahamu kundi hilo kwa njia nyingine, kwani kirusi cha jamii hiyohiyo kimefanyiwa majaribio nchini dhidi ya viwavijeshi. Kikwazo ni kilekile: kirusi huzalishwa ndani ya viwavi hai, hivyo kiasi chake ni kidogo na bei ni kubwa. Gypchek hutengwa kwa maeneo yenye vipepeo au nondo adimu ambao dawa nyingine zingewaua.

Dawa za sasa

Dawa inayotumika zaidi ni bakteria Bacillus thuringiensis wa aina ya kurstaki. Fuwele za protini zake huyeyuka ndani ya utumbo wa kiwavi na kuupasua. Kiwavi huacha kula katika saa chache na hufa baada ya siku chache. Jua huiharibu dawa hii katika takribani wiki moja. Lazima inyunyizwe viwavi wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, wakati majani yameshafunguka kiasi cha kuishika dawa. Ikichelewa wiki mbili, mjini hubakia tu ushahidi kwamba fedha zilitumika. Huua viwavi wa nondo na vipepeo wengine walao majani wakati huohuo, na kwa sababu ni bakteria wa asili, watu wengi hudhani kwamba haina madhara hayo.

Ilinganishwe na dawa mbili za viwandani. Diflubenzuroni huzuia utengenezaji wa kaitini. Hukaa kwenye majani hadi yapukutike, na ikiingia majini hudhuru krasteshia. Tebufenozidi huiga homoni ya kujivua ngozi, na huathiri zaidi viwavi wa nondo na vipepeo, karibu kundi lilelile linaloathiriwa na bakteria. Tofauti kubwa kati ya tebufenozidi na bakteria ni muda wa kudumu kwenye jani. Kuziweka zote za viwandani katika kapu moja na bakteria katika kapu jingine kunaificha tofauti halisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni feromoni. Dispalua, harufu ambayo jike humwitia dume, ilitambuliwa mwaka 1970 na leo hutengenezwa kiwandani. Ni kemikali tupu. Ikisambazwa kwa ndege juu ya msitu, madume hushindwa kuwapata majike, na mayai hayarutubishwi. Haiui kiumbe chochote. Inafanya kazi pale tu wadudu ni wachache. Wakiwa wengi, dume hukutana na jike hata bila harufu. Juu yake ulijengwa mpango wa kitaifa wa kupunguza kasi ya uenezi, ulioanza rasmi mwaka 2000. Mitego ya feromoni hupangwa kwa gridi kwenye ukingo wa eneo lililovamiwa, na kila kundi dogo linalogunduliwa mbele ya ukingo hushughulikiwa likiwa bado dogo. Kabla ya hapo mdudu alikuwa akisonga takribani kilomita 20 kwa mwaka. Mpango umepunguza kasi hiyo kwa zaidi ya nusu. Mlipuko wa mwaka 1981 uliacha takribani ekari milioni 13 bila majani, kwa hiyo kila mwaka unaookolewa mbele ya ukingo una thamani inayoeleweka.

Mjini

Miti ya mjini haina panya wa kutosha wala majani makavu ya kuwaficha maadui wa kiwavi, na udongo wake hubanwa na lami. Kwa upande mwingine, kila mti unaweza kufikiwa kwa mkono. Kwa hiyo mbinu zilezile za Medford za miaka ya 1890 bado zina nafasi. Gunia linalofungwa kwenye shina na kukunjwa huwa maficho ya viwavi wanaoshuka alfajiri, nao hukusanywa kila siku mchana. Lakini kama ilivyoelezwa, halifai kitu mdudu anapofurika. Mayai yakwanguliwe ndani ya maji ya sabuni, kwa kuwa yakiachwa chini huanguliwa vilevile. Mti uliopoteza majani umwagiliwe wakati wa ukame, na usikatwe kabla haujapewa nafasi ya kuchipua.

London inaonyesha jinsi kipimo kinavyobadilika pale hasara inapokuwa afya ya watu. Nondo wa maandamano wa mwaloni (Thaumetopoea processionea) aligunduliwa huko mwaka 2006, akiwa ameingia na miche ya mialoni iliyoagizwa kutoka bara la Ulaya. Kuanzia hatua ya tatu kiwavi huota nywele ndogo zenye protini iitwayo thaumetopoini, zinazodhuru ngozi, macho na mapafu, na viota vilivyoachwa hubaki na hatari hiyo muda mrefu baada ya viwavi kuondoka. Karibu na shule, kiota kimoja kinatosha kuwa kiwango cha kuchukua hatua. Hakuna haja ya kuhesabu mamia. Bakteria hunyunyizwa majira ya kuchipua, kabla ya nywele kuota, na kiangazi wafanyakazi wenye mavazi ya kujikinga huondoa viota kwa mashine za kufyonza. Katika hifadhi na misitu yenye mialoni mikongwe uamuzi ni mgumu zaidi, kwa sababu kiwavi wa kipepeo Favonius quercus hula mwaloni huohuo, majira hayohayo, na dawa haiwezi kumtenga. Mahali pa namna hiyo baadhi ya wasimamizi huacha kunyunyiza, huweka mabango ya tahadhari, hufunga njia kwa wiki kadhaa, na kuondoa tu viota vilivyo chini ya kimo cha mtu.